Sauti ya Pili ya Wanne wa Kihesa

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Ilomba, Mbeya, nikichambua maharage, redio nimeiwasha ili nyumba isiwe kimya mno, mtangazaji mmoja kijana akasema sasa atapiga wimbo wa zamani sana kutoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Akasema hajui ni wa nani. Kwenye boksi la utepe, alisema, kumeandikwa neno moja tu kwa kalamu ya risasi: kwaya. Wimbo ukaanza, sauti nne bila gitaa wala ngoma, nami nikaweka ungo wa maharage chini kwa sababu mikono ilikataa kazi.

Ulipokwisha, yule kijana akaomba wasikilizaji wapige simu. Watu wanaimba namna hii, akasema, kwa nini hatujawahi kuwasikia? Wakapiga wawili watatu. Mmoja akadai ni kwaya ya misheni fulani upande wa Njombe, mwingine akaapa kwamba ni Wazambia. Simu ninayo, na salio lilikuwemo, lakini sikupiga. Basi nakuambia wewe, ndugu yangu, kwa kuwa wewe huwezi kunikatiza ili upishe tangazo la sabuni.

Kwanza, si kwaya. Waliitwa Wanne wa Kihesa, na mmoja wao alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

Walikulia pamoja pale Kihesa, mjini Iringa, wakaimba kanisani tangu utotoni chini ya mwalimu wa kwaya aliyewachapa vidole kwa rula kila walipokosea noti. Sauti ya kwanza alikuwa mwanamke aliyehudumu wodini hospitalini. Ya tatu alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake Mlandege, na ya nne dereva wa lori la mahindi, mtu mfupi mwenye sauti iliyotoka sijui wapi. Uhuru ulikuwa bado mbichi miaka ile ya sitini. Redioni walisikia vikundi vya ng'ambo vikiimba mapenzi kwa sauti nne zilizofungwa pamoja, wakatazamana, wakaona hilo si jambo la ajabu kwao. Noti wanazijua, sauti wanazo, na mapenzi nani hayajui? Wakawa wanakutana kibandani kwa fundi saa za jioni, cherehani ikiwa imefunikwa kitambaa, wakatunga zao.

Shangazi alikuwa sauti ya pili. Huenda hujawahi kuimba kwaya, kwa hiyo nikueleze. Sauti ya kwanza hubeba wimbo, ndiyo watu huondoka nayo mdomoni. Ya nne hushika chini pasiporomoke. Ya tatu hupamba. Ya pili haina sifa yoyote. Iko katikati kama mtoto aliyelala katikati ya kitanda kwenye baridi ya Iringa, akiwashikilia wenziwe blanketi huku na huku. Akiwepo humkumbuki. Akiondoka ndipo unaamka unatetemeka.

Siku moja watu wa redio wakaja Iringa na gari lao la kurekodia. Kinasa sauti kilikuwa kimoja, na shangazi, kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote, akaambiwa asimame nyuma. Wakaimba wimbo wao mmoja walioupenda kuliko zote. Ubeti wa kwanza ulisema, mpendwa wangu nakungoja, njia ya kwako naitazama. Ubeti wa pili ulisema, uje na baiskeli yako, mpendwa, unipakie nyuma tushuke Mlandege. Gari likaondoka na utepe, nao wakabaki kungoja kusikia sauti zao.

Huko ulikofika, mtu ambaye hadi leo simjui aliusikiliza kidogo, akasikia sauti nne hazina gitaa, akaandika lile neno lake kwenye boksi. Basi wimbo ukapigwa Jumapili asubuhi, kati ya mahubiri na sala. Pale Kihesa mwenye redio alikuwa mzee mmoja wa kanisa, na watu walikusanyika uani kwake kila Jumapili kabla ya kengele. Wakatambua sauti za vijana wao. Furaha iliyokuwepo! Kwenye “mpendwa wangu nakungoja” wazee walitikisa vichwa, na mmoja akavua kofia. Halafu baiskeli ikaja. Uani pakawa kimya, wanasema, mpaka kuku wakasikika wakiparua. Ndipo yule mzee mwenye redio akasema polepole:

“Yesu hana baiskeli.”

Neno hilo lilizunguka mji wote. Watoto walimzomea nalo kila aliyepita na baiskeli, hata karani wa posta. Watu walicheka karibu mwaka mzima, na mimi niliposimuliwa nilicheka pia, wala sitakulaumu ukicheka. Baraza la wazee wa kanisa peke yake ndilo halikucheka. Wote wanne walitengwa siku moja.

Kutengwa, kwa asiyejua, si kufukuzwa. Mlango wa kanisa uko wazi, unaingia, unakaa. Lakini meza ya Bwana si yako, mtoto wako habatizwi, na ukifa, kengele haipigwi, mwinjilisti haji, na kwaya hairuhusiwi kufungua mdomo juu ya kaburi lako. Unafukiwa kimya. Dawa yake ni kusimama mbele ya usharika mzima siku ya Jumapili, kutaja dhambi yako kwa kinywa chako na kuomba urudishwe kundini.

Wakasema, vizuri, kama kanisa limetukataa twende kwa watu wa dansi. Wakapanga ukumbi mmoja wa Mlandege siku ya Jumamosi. Watu walikuja na viatu vyao vya kung'aa, wakasimama tayari, na wale wanne wakaanza. Hakuna aliyecheza. Utacheza nini wakati hakuna gitaa na sauti zimekushika hivyo? Wanaume wakaficha chupa nyuma ya migongo. Wimbo ulipokwisha, mlevi mmoja pale nyuma akasema “Amina,” na huo ukawa mwisho wao wa kuimba ukumbini. Kanisani walikuwa wahuni, ukumbini walikuwa wachungaji. Lugha yetu ilikuwa na neno la kwaya na neno la dansi, na wao hawakuwa na neno.

Watatu walirudi kundini mmoja mmoja. Dereva alitangulia, kwa kuwa mkewe alijifungua na mtoto alitaka kubatizwa. Yule mwanamke wa hospitali akafuata, mama yake mzazi alipokuwa kitandani akimlilia kila siku. Fundi akawa wa mwisho. Nguo za maarusi zote za Kihesa zilikuwa zimehamia kwa mshindani wake. Siwalaumu. Shangazi naye hakuwalaumu. Ila yeye, kila alipofuatwa na wazee, aliwajibu jibu lile lile: “Ningekosea noti, ningetubu.”

Alikuja kwetu Ilomba miaka ile Wachina walipokuwa wakijenga reli, nami nikiwa na miaka saba au minane. Alishuka kwenye basi la Iringa na sanduku la bati, kibuyu cha mafuta ya alizeti na mzigo wa unga wa ulezi, akaniangalia kutoka juu kule alikoishia urefu wake, akanisalimu kwa Kihehe, “Kamwene,” kama vile nami ni mtu mzima. Nikampenda hapo hapo. Hakuwa na mume wala mtoto. Baba alimpokea kwa mikono miwili, maana ndiye aliyemlea mama yao alipofariki. Lakini baba wakati huo alikuwa amekuwa mzee wa kanisa, na dada yake alikuja na barua ya uhamisho kutoka usharika wa Kihesa ambayo ilisema wazi ametengwa. Baba aliipeleka mwenyewe kwa mchungaji. Nakumbuka aliishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Kwa hiyo kila Jumapili baba alikaa mbele na wazee wenzake, na shangazi akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na walevi na mabwana wenye wake wawili. Pepo za mlima Loleza zilikuwa zikiwapiga mgongoni hapo. Nilitamani kukaa naye, na mama alinifinya kila nilipogeuka kumtazama.

Siku za kazi alikuwa wangu. Nikifumba macho naona asubuhi zile, ukungu umekaa uani hadi saa tatu, moshi wa mabua ya mahindi unagoma kupanda, nasi wawili tumejifunga khanga juu ya sweta tukipukuchua mahindi kwenye gunia. Jirani yetu, mama mmoja Mnyakyusa, akituletea ndizi za kupika, na shangazi akimshukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo,” kwa lafudhi ya Kihehe iliyomvunja mbavu. Shangazi alinifundisha kupika makande yasiyogeuka uji. Alinifundisha kusonga ugali nikiwa nimesimama wima, akisema anayeinama mbele ya sufuria atainama mbele ya kila mtu. Na wakati wote huo alikuwa akiimba.

Ila aliimba sauti ya pili tu. Hakuijua nyingine, au hakuitaka. Sauti ya pili ikiimbwa peke yake haifanani na wimbo: inakaa kwenye noti moja muda mrefu, inapanda kidogo, inashuka, inarudi pale pale, mfano wa mtu anayetafuta ufunguo chumbani. Jirani alimuuliza mama kwa siri, “Mwenzangu, huyu wifi yako anaongea na nani?” Mimi sikujua kuna kasoro. Nilidhani ndio wimbo wenyewe, mzima, nikaushika wote hadi noti yake ya mwisho, na nikauimba hadi njiani kwenda shule, wenzangu wakiniambia nimerogwa.

Kisha yule fundi cherehani akapita Mbeya kutafuta vitambaa. Alikaa uani kwetu mchana mmoja, akala viazi vya kuchemsha, na shangazi akanituma nimwimbie mgeni. Nikaimba. Fundi akaweka kiazi chini, akaingia na sauti yake ya tatu. Nikanyamaza nikamwambia, kwa adabu zote, “Baba, umekosea wimbo.” Mzee yule alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Shangazi akanishika mabega: “Usimsikilize yeye, wala mimi. Shika njia yako.” Akachukua sauti ya kwanza, ambayo kumbe aliijua, fundi ya tatu, mimi ya pili, na kwa mara ya kwanza nikasikia kumbe kitu nilichokibeba miaka yote kilikuwa tofali la nyumba ambayo sikuwahi kuiona. Mama akatoka jikoni akafunga lango la uani, kwa sababu baba alikuwa karibu kurudi kutoka kazini. Sijawahi kuwa na furaha kama ya mchana ule, na sitegemei kuipata tena.

Kifua kilimwanza mwaka uliofuata. Kikohozi kikavu, kisha chenye damu, kisha hospitali, kisha nyumbani, kwa kuwa hospitali walisema heri awe nyumbani. Urefu wake wote ukalala kwenye kitanda kilichomfikia kwenye magoti. Baba akawa anaingia kila jioni akitoka kazini, anakaa kwenye kigoda, anaanza upya kumsihi atubu. Mimi nilikuwa pale na bakuli la uji, hakuna aliyeniona.

“Dada, nimeongea na mchungaji. Anasema si lazima kusimama. Atakuja hapa hapa. Useme maneno mawili tu.”

“Maneno gani, mdogo wangu?”

“Kwamba ulikosa.”

“Nilikosa nini?”

Baba alishika kichwa. “Dada, watakufukia kama mbwa. Unataka nisimame pale, mimi mzee wa kanisa, dada yangu anafukiwa kimya?”

“Wewe ndiye unayeona aibu,” shangazi akasema, si kwa ukali. “Mimi nitakuwa nimekufa.”

Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, nami nilimchukia shangazi dakika ile, nikuambie ukweli. Nilitaka aseme tu hayo maneno mawili, yaishe.

Alipotoka, shangazi akaniita karibu. Akaniambia amewaandikia wale watatu, nao wamejibu kwamba siku yake ikifika watakuja kumwimbia wimbo wao kaburini, liwalo na liwe. Walikuwa na hofu ya kutengwa tena, lakini wamekubali. “Sasa watakuwa watatu,” akasema. “Watatu hawasimami. Pale pangu utakaa wewe. Utaweza?”

Nikasema nitaweza. Nilisema haraka, kama mtoto anavyosema akitaka mtu mzima aache kumtazama. Akanishukuru, akaomba maji.

Alifariki mwezi wa Julai, wakati barafu nyembamba inakaa juu ya majani asubuhi. Alikuwa amesema azikwe Kihesa, basi tukampeleka kwa lori, sisi wanawake tukiwa tumekaa nyuma kulizunguka jeneza, tumejifunika mablanketi hadi puani. Pale Kihesa kengele haikupigwa. Watu walikuja wengi, maana Wahehe hawaachi msiba hata wa adui, wakapeana “Kamwene” kwa sauti za chini, wakasimama kulizunguka kaburi la udongo mwekundu. Kati yao walikuwemo wanakwaya wa kanisa zaidi ya ishirini, wamefunga midomo. Mwinjilisti aliishia barabarani, akasimama upande wa pili na biblia yake kwapani. Jeneza likateremshwa na hapakusikika kitu isipokuwa kamba zikikwaruza mbao.

Ndipo wale watatu wakajitokeza. Mwanamke wa hospitali alikuwa amenenepa, dereva amekuwa na mvi, fundi ndiye pekee niliyemjua. Wakasimama kwenye kichwa cha kaburi, wakaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Fundi alinitazama. Hakuniita, alinitazama tu, kisha akawapa noti kwa kuguna, wakaanza.

Ulikuwa wimbo na haukuwa wimbo. Ya kwanza ilikwenda juu peke yake, ya nne ikabaki chini kabisa, na pale katikati palikuwa na shimo ambalo kila mtu aliyewahi kuimba alilisikia. Niliwaona wale wanakwaya wakitazama chini. Yangu ilikuwa inaingia neno la tatu, kwenye “nakungoja.” Nikavuta pumzi. Baba alikuwa nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Hakunibana. Hakunikataza, wala hakusema neno, na kama angesema labda ningemkaidi, kwa kuwa nilikuwa mkaidi. Nilielewa kuwa nikiimba, yeye Jumapili ijayo atakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Neno la tatu likapita. Nikajiambia nitaingia la sita. La sita likapita.

Walifika ubeti wa pili, penye baiskeli, na yule mwanamke wa hospitali sauti ikamkatika, hakuwa na pa kuegemea. Dereva akaendelea maneno mawili, fundi moja, wakaacha. Wanaume wakachukua majembe.

Wote watatu wamekwisha kufa sasa. Walitengwa tena kwa siku ile, safari hii dereva hakurudi kundini hadi mwisho wake. Kibanda cha fundi kilibomolewa zamani, ukumbi wa Mlandege ni ghala la saruji, na kwaya za siku hizi huimba wote sauti moja juu ya kinanda cha umeme, kinanda ndicho kinachojua zile nyingine tatu. Yule kijana wa redio anauliza kwa nini Wanne wa Kihesa hawajulikani. Naweza kumtajia gari la redio, na karani wa kalamu ya risasi, na wazee, na mlevi wa Amina. Zote ni sababu za kweli. Lakini walikuwapo watu wapatao mia pale makaburini, na wangeusikia mzima mara moja, na wangeondoka nao, maana wimbo aliozikwa nao mtu hausahauliki kwetu. Aliyeujua alikuwepo, ana miaka kumi na moja, amevaa sweta la kijani, ameziba mdomo kwa ncha ya khanga.

Tulirudi Mbeya kwa basi kesho yake. Baba alikaa dirishani nami karibu yake hadi Makambako. Hapo akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa lile kubwa, akasema bila kunigeukia, “Jana ulifanya vizuri, mwanangu.” Baba hakuwa mtu wa kusifu, sikumbuki kama aliwahi kunisifu kabla ya hapo. Nikasema, “Asante, baba,” nikala mahindi.